Miwani ya kusomea ya mezani, soko la Mwanga, Kigoma: pima mkono wako, usitaje umri

Ukipita soko la Mwanga utaikuta imepangwa mezani au imening'inizwa kwenye ubao, kila moja na kikaratasi cha namba kwenye kioo: +1.00, +1.50, +2.00, kupanda hadi +3.50. Bei hutofautiana. Fremu ndiyo inayopandisha. Ni miwani iliyotoka kiwandani ikiwa tayari, haikutengenezwa kwa macho ya mtu fulani. Tunaisifu kwa kazi moja: kumrudishia mtu aliyevuka miaka 40 uwezo wa kuona kilicho mkononi mwake. Kwa fundi cherehani, kwa mshona nyavu wa Kibirizi, kwa mama anayechambua mchele, hiyo siyo kazi ndogo. Kasoro iko kwenye namna inavyouzwa.

Swali la kwanza la muuzaji huwa, "Una miaka mingapi?" Ukijibu, anachomoa namba. Umri unasaidia kukisia, lakini hauamui, na sababu iko ndani ya jicho lenyewe.

Jicho lina nguvu ya kupinda mwanga ya takribani diopta 60; diopta ni kipimo cha nguvu hiyo, na ndiyo namba iliyo kwenye kikaratasi. Konea, lile tabaka angavu la mbele, inabeba kama 43 na haibadiliki. Zilizobaki ni za lenzi iliyo nyuma ya mboni, na hii ndiyo inayobadili umbo. Imeshikiliwa pembezoni na nyuzi nyembamba zilizofungwa kwenye msuli wa duara, msuli wa siliari. Ukitazama milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, msuli umelegea, nyuzi zimekazika, lenzi imevutwa ikawa bapa. Ukishusha macho kwenye sindano, msuli unajikaza, duara linapungua, nyuzi zinalegea, na lenzi inajivimbisha kwa unyumbufu wake. Kuvimba huko ndiko kunakoongeza diopta. Miaka inavyokwenda lenzi inakakamaa: msuli bado unafanya kazi, lakini lenzi haivimbi tena. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuongeza zaidi ya diopta 10. Mwenye miaka 50 hubakiwa na kama 2.

Sasa hesabu ya namba. Gawanya 100 kwa umbali wa kazi yako kwa sentimita. Kusoma kwa sentimita 40 kunahitaji diopta 2.5. Kushona wavu uliotandazwa magotini, sentimita 50, kunahitaji 2. Kutunga uzi kwenye sindano, sentimita 33, kunahitaji 3. Toa nusu ya akiba iliyobaki kwenye jicho, yaani zile diopta ambazo lenzi bado inaweza kuongeza (kwa miaka 50 ni 2, nusu yake 1), maana jicho likilazimishwa kutumia akiba yake yote linachoka upesi. Kwa hiyo mshona nyavu wa miaka 50 anaanzia +1.00, na fundi cherehani wa umri huohuo anaanzia +2.00. Wamezaliwa mwaka mmoja, namba mbili tofauti. Muuzaji aliyeuliza umri peke yake angewapa miwani ileile, na mmoja wao angerudi nayo nyumbani akiuma meno kwa maumivu ya kichwa.

Kwa hiyo nenda sokoni na kazi yako: sindano na uzi, kipande cha wavu, boksi la dawa lenye maandishi madogo. Anza na namba ya chini kabisa, upande hatua kwa hatua, usimame kwenye ya kwanza inayoonyesha vizuri. Kisha sogeza kitu karibu, halafu mbali, mpaka kififie pande zote mbili. Mahali unapofanyia kazi pawe katikati ya eneo linaloonekana vizuri. Namba kubwa mno huvutia kwa sababu inakuza, lakini inakulazimisha uiname, na jioni shingo na mgongo ndivyo vinavyolipa.

Usiamini kikaratasi. Hubanduka, na hubandikwa upya popote. Simama ndani ya kibanda mbele ya ukuta au karatasi nyeupe, mlango wenye mwanga ukiwa mbali upande wa pili. Shika kioo kando ya ukuta, ukirudishe nyuma taratibu mpaka picha ya nje ionekane ukutani, imepinduka miguu juu, kingo zake kali. Pima kutoka kioo hadi ukutani: +1.00 hutoa picha kwenye sentimita 100, +2.00 kwenye 50, +2.50 kwenye 40, +3.00 kwenye 33. Rudia kwa kioo cha pili. Kimoja kikitoa picha kwenye 50 na kingine kwenye 40, irudishe mezani, tofauti ni nusu diopta. Usifanye jaribio hili kwa jua lenyewe. Kioo hukusanya joto na kuunguza.

Kisha ishike miwani kwa mkono ulionyooshwa, tazama ubavu wa mlango kupitia kioo huku ukiichezesha polepole kushoto na kulia. Mstari ukipinda kwa ulaini, sawa. Ukijikunja kama maji yaliyotikiswa, kioo kimetengenezwa vibaya.

Kuna jambo ambalo hata wanunuzi makini hulisahau: nafasi kati ya mboni mbili. Kwa watu wazima wengi ni milimita 54 hadi 74, ila vioo vya kiwandani vimewekwa kwa mtu wa katikati. Vikipishana na macho yako, miwani inasukuma picha pembeni na macho yanalazimika kuvutana ili picha zibaki moja. Kwa +1.00 huenda usihisi. Kwa +3.00, tofauti ya milimita 8 tu inaweza kuchosha macho au kuleta kizunguzungu. Wenye uso mwembamba watafute fremu ndogo.

Ile "inayozuia mwanga wa buluu" haistahili nyongeza ya bei. Muuzaji humulika kikadi kwa kurunzi ndogo ya buluu, kisha anapitisha kioo katikati na doa linapotea. Ni kweli kioo kinakata mwanga wa kurunzi ile. Lakini majaribio yaliyokusanywa na kupitiwa pamoja mwaka 2023 hayakuonyesha kwamba vioo hivyo vinapunguza uchovu wa macho kwenye kompyuta. Uchovu huo hutokana zaidi na kupepesa macho mara chache, jicho likakauka.

Vioo viwili vina namba moja, kwa hiyo miwani hii haimfai mwenye macho yanayotofautiana wala mwenye konea iliyopinda zaidi upande mmoja. Haifai pia kutembelea: ukivaa +2.00, kila kilicho mbali zaidi ya nusu mita kinafifia, na bodaboda haitakungoja. Wanaosema miwani hulemaza macho wanakosea; lenzi hukakamaa uvae usivae. Ioshe kwa maji kwanza ndipo uifute kwa pamba laini, maana vumbi la Kigoma likisuguliwa na ncha ya khanga hukwaruza plastiki siku hiyohiyo.

Jicho likiwa jekundu na linauma, ukiona duara za rangi kuzunguka taa, au jicho moja likififia ghafla, usinunue chochote. Nenda kitengo cha macho hospitali. Na mzee aliyekuwa hawezi kusoma bila miwani akianza kusoma vizuri bila kuivaa, huku watu wa mbali wakimpotea, msimpongeze bado. Mara nyingi kiini cha lenzi kimeanza kuwa kigumu zaidi na kuongeza nguvu kwa sababu ya mtoto wa jicho. Mpelekeni akapimwe.