Uzoefu wangu na mashine ya nyasi ya rimoti baada ya saa 140 za kazi

Wanaouza mashine hizi huonyesha picha moja tu: mtu kasimama kivulini, rimoti imening'inia kifuani, na mashine inapanda mteremko peke yake kama mbuzi. Na kweli inapanda, sina ugomvi na hilo. Wasichoonyesha ni nusu saa ya kabla na nusu saa ya baada, ukiwa umepiga magoti, spana mkononi, mikono imejaa grisi hadi viwikoni.

Yangu ni ile inayotembea kwa minyororo ya mpira kama tingatinga. Injini ya petroli ya silinda moja inazungusha visu na wakati huohuo inachaji betri mbili zilizounganishwa kutoa volti 24. Mota mbili za umeme, moja kila upande, ndizo zinazoendesha minyororo. Kwa hiyo unayo injini ya kutunza na umeme wa kutunza, vyote ndani ya bodi moja inayokula vumbi kutwa.

Mashine ya kusukuma kwa mkono huwa inakusemesha. Kisu kikipinda, mtetemo unakufika mabegani. Mkanda ukilegea, unausikia. Hii ya rimoti umeiacha hatua kumi na tano mbele, masikio umeyaziba kwa sababu ya kelele, huna habari. Niliwahi kukata kutwa nzima na kisu kilichopinda baada ya kugonga jiwe. Nilikuja kugundua jioni, nilipoinama nikaona ncha za nyasi zimechanika kama zilitafunwa, halafu kwenye kifuniko cha mkanda bolti moja haipo, imejifungua yenyewe kwa mtetemo. Tangu siku hiyo sianzi kazi kabla sijaizunguka mashine nzima na kugusa kila nati kwa vidole.

Nianze na oili, maana ndiyo yenye malalamiko yangu makubwa. Ya kwanza niliimwaga baada ya saa 5 tu, kama kitabu kilivyoagiza. Nilidhani ni kupoteza oili bure mpaka nilipoiona ikitoka: ya kijivu, inametameta juani kwa unga wa chuma, vyuma vipya vilivyokuwa bado vinazoeana. Baada ya hapo nabadilisha kila saa 50, injini ikiwa vuguvugu ili oili itoke yote. Tatizo ni kizibo cha kumwagia. Aliyekichora sijui alikuwa anafikiria nini, kwa sababu kipo juu kabisa ya mnyororo wa kushoto. Ukikifungua tu, oili inamwagikia mpira, na mpira na oili havipatani. Mimi nimekata chupa ya plastiki kwa urefu, nimeifanya mfereji, naichomeka chini ya kizibo kabla ya kulegeza. Inafanya kazi, lakini mashine ya bei hii haikupaswa kunifanya niokote chupa.

Kiwango cha oili kinapimwa mashine ikiwa mahali tambarare, na kwa hapa msifanye mchezo. Injini ndogo nyingi za aina hii hazina pampu ya oili. Kuna kijiko chini ya konrodi, ule mkono wa pistoni, kinachochota oili na kuirusha. Mashine ikilala upande kwa muda mrefu, oili inakimbilia kona moja na kijiko kinachota hewa. Kibati cha mashine yangu kinajisifu kwa mteremko mkali sana. Kitabu cha injini, kilichokuja kwenye bahasha yake tofauti, kina kikomo chake, na ni kidogo kuliko hicho. Nafuata cha injini. Kwenye mteremko nahakikisha oili iko kwenye alama ya juu, sizidishi wala sipunguzi, na kila baada ya mistari michache naileta mashine mahali pa usawa ipumue kidogo.

Sasa kosa langu la kijinga. Mara ya kwanza kusafisha tumbo la mashine niliilaza upande uliokuwa rahisi kwangu, ambao ndio upande wa kabureta. Oili ikateremka taratibu hadi kwenye chujio la hewa wakati mimi nakwangua nyasi huku napiga mluzi. Kuja kuwasha, ukatoka moshi mweupe mzito, majirani wakatoka nje. Chujio la karatasi lililolowa oili halifai tena, nikalitupa. Siku hizi naiinua plagi ikiangalia juu, tangi likiwa karibu tupu.

Na kabla ya kuinua, natoa waya wa plagi, halafu nazima swichi kuu ya betri. Hii ya pili wengi wanaisahau. Tumezoea kwamba injini ikizimwa kazi imekwisha, lakini hapa minyororo ina umeme wake. Injini ikiwa baridi kabisa, mtu akigusa kijiti cha rimoti kwa bahati mbaya, mashine inatembea, na wewe vidole vyako viko kwenye gurudumu la meno. Nazima swichi, na rimoti naiweka mfukoni mwangu mwenyewe.

Chujio la hewa lina sehemu mbili. Sponji naiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, inakauka kabisa, naidondoshea oili kidogo na kuikamua. La karatasi halioshwi, nalipigapiga tu kwenye ubao vumbi litoke. Ukikata nyasi kavu kwenye vumbi, usisubiri saa za kitabuni, lifungue siku hiyohiyo. Wakati uko hapo, angalia na mapezi ya kupoozea injini, yale yanayozunguka silinda. Nyasi zikijipakia humo injini inachemka, na kwa kuwa uko mbali hata harufu huipati.

Minyororo ndiyo iliyonifundisha adabu. Nilikuwa naiacha ilegee kidogo nikidhani naipunguzia kuchakaa. Siku moja, katikati ya mteremko, nikageuza ghafla, mnyororo wa kulia ukatoka kwenye gurudumu, na mashine ikabaki imelala kimshazari kama gari lililoegeshwa na mlevi. Kuurudisha mnyororo pale pale haikuwezekana. Ilibidi tuifunge mashine kamba tuishushe watu watatu. Tangu hapo kila baada ya siku mbili za kazi naiinua kwenye matofali, naubonyeza mnyororo katikati kwa gumba, napima umeshuka kiasi gani na kulinganisha na kipimo cha kitabu. Usikaze kama ngoma vilevile. Nilijaribu, mota zikaanza kupata moto, chaji ikawa haifiki jioni, na beringi ndizo zinazoumia. Usisahau kuchungulia ndani ya gurudumu la meno. Nimetoa humo waya, kamba ya katani, na mara moja soksi ya mtoto.

Visu navitoa kila baada ya saa 20 hivi, mapema zaidi nikipita penye mawe. Nanoa kwa tupa, kufuata ulalo uleule wa kiwandani, siyo kuchonga wembe. Kisha naning'iniza kisu kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande ukishuka, huo ndio mzito, naupunguza kidogo tena mpaka kikae sawa. Kisu kimoja kikipinda, nabadilisha vyote kwa pamoja na bolti zake. Sinyooshi kisu kwa nyundo, hata fundi akiniapia.

Maji ya presha siyatumii kabisa. Sanduku la umeme limezibwa kwa mpira, sawa, lakini mpira huo haukutengenezwa kupigwa na maji kwa karibu, na beringi zikiingia maji grisi inatoka. Natumia kipande cha mbao na brashi ngumu, tena papo hapo baada ya kazi. Nyasi mbichi zinatoka kwa kusukuma tu; zikilala usiku mmoja zinakauka kama udongo wa kufinyangia.

Betri zangu ni za risasi. Niliziacha miezi miwili bila chaji wakati sikuwa na kazi, moja ikafa. Sasa nachaji kila mwezi hata mashine ikiwa imelala, na kila betri ikipumzika nataka kuona karibu volti 12.6 kwenye mita. Petroli iliyokaa zaidi ya mwezi siitumii. Nikijua nitaiweka mashine, nafunga koki ya petroli na kuiacha injini imalize kilichomo kwenye kabureta mpaka ijizime.

Kila asubuhi, visu vikiwa vimezimwa na mashine iko tambarare, naitembeza taratibu halafu nazima rimoti. Lazima isimame yenyewe. Yangu husimama mara moja. Siku ikichelewa kusimama, haikati nyasi siku hiyo.

Je, ningeinunua tena? Kwa kingo za mitaro na miteremko ambayo mtu akisimama anateleza, ndiyo, bila kufikiri. Kwa uwanja tambarare, hapana. Ile ya kusukuma inatosha na matunzo yake ni nusu. Nimeipa nyota nne. Nimeagiza bomba fupi lenye koki nilifunge mahali pa kile kizibo cha oili, na likifika nikaona halivuji, nitaongeza ya tano.