Mafuta ya nyonyo: yapi ununue, yapi uyaache dukani

Tuanze na jina, maana ndilo linaloponza watu. Mafuta ya nyonyo ndiyo hayohayo ya mbarika, na wapo wanaoyaita ya mbono. Hapo kwenye mbono usipite haraka. Mbono kaburi ni mmea mwingine, ule unaozoeleka kupandwa kama uzio, na mafuta yake ni sumu: yanafaa taa na sabuni, kwenye ngozi yanawasha. Muuzaji wa chupa isiyo na lebo akikwambia "mbono" tu, mwombe akuonyeshe mbegu. Ya nyonyo inang'aa na ina madoadoa, utadhani kupe aliyeshiba. Ya mbono kaburi ni nyeusi, haina madoadoa.

Jua pia unachonunua kinafanya nini. Mafuta haya ni mazito kama asali, na karibu asilimia 90 yake ni asidi moja, ya risinoleiki. Yanakaa juu ya ngozi na kuzuia maji yasitoke, basi. Ndiyo maana yanafaa visigino vilivyopasuka, viwiko, magoti na midomo, tena upake mara tu baada ya kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu. Ukipaka kwenye ngozi kavu kabisa utabaki unateleza tu. Kuondoa madoa usoni au kuotesha nywele ni maneno ya biashara. Ushahidi wa maana sijauona.

Namba moja kwangu ni ile chupa ndogo ya duka la dawa, ambayo wengi wanaidharau kwa sababu inauzwa kama dawa ya kufungua choo. Mafuta yake yamesafishwa, hayana rangi sana wala harufu, na hayajatiwa manukato. Kwa ngozi inayokasirika haraka, usafi huo ndio unaoulipia. Na kwa kawaida hutalipia mengi.

Namba mbili, yaliyokamuliwa bila moto. Rangi yake ni njano hafifu, harufu ipo kidogo. Ni mazuri, ila bei hupanda kwa sababu ya chupa na maneno yaliyoandikwa juu yake. Nunua yaliyo kwenye chupa ya kioo cheusi, yenye tarehe na alama ya TBS, au KEBS ukiwa Kenya. Kwenye orodha ya viambato kuwe na kitu kimoja tu.

Tatu ni ya kienyeji: mbegu zimekaangwa, zikatwangwa, zikachemshwa, mafuta yakaenguliwa juu. Nayaweka hapa kwa sharti kwamba unamfahamu aliyeyatengeneza. Mbegu ya nyonyo ina risini, sumu kali sana. Ndiyo iliyomuua mwandishi Georgi Markov kule London mwaka 1978. Risini haiyeyuki kwenye mafuta, na moto wa kutosha huiharibu, kwa hiyo yaliyochemshwa vizuri hayana shida. Hatari iko kwenye mbegu na mashudu. Ukitengeneza mwenyewe, mashudu yasiwafikie kuku, mbuzi wala mtoto anayetambaa.

Nne, yale meusi yenye jina la Jamaika. Weusi wake hutokana na kukaanga mbegu, na mara nyingine majivu yake. Saluni nyingi zitakuapia kwamba yakiwa meusi ndiyo yana nguvu. Mimi naona unalipia moshi. Hayana ubaya, lakini bei yake na ya duka la dawa, mbingu na ardhi.

Ya mwisho, ambayo sikushauri kabisa: chupa ya plastiki angavu, mafuta mepesi yanayomwagika kama maji, yananukia waridi. Niliwahi kuuziwa hayo mimi, nikapaka wiki mbili alizeti yenye marashi. Tangu siku hiyo napima. Tia kijiko kimoja cha mafuta kwenye kichupa, ongeza vijiko vinne vya spiriti ya asilimia 95, mbali na jiko, halafu tikisa. Nyonyo huyeyuka ndani ya spiriti. Alizeti hujitenga na kutulia chini. Spiriti ya asilimia 70 ya kusafishia vidonda haitakupa jibu.

Hata yakiwa halisi, wapo yanaowakataa. Midomo kuwasha na kuchubuka ni jambo linalojulikana. Paka tone ndani ya mkono, ngoja siku mbili. Mwenye chunusi asipake usoni. Machoni usitie, ingawa mitandaoni utaona watu wanadondosha bila hofu. Mjamzito asiyanywe, kwa kuwa yanaweza kuchochea uchungu, na puani mwa mtoto mchanga hayana kazi. Kichwani paka kidogo tu: nywele ndefu zilizoloweshwa mafuta haya zimewahi kugandana zikawa donge lisilochanika, mkasi ndio ukaamua.

Kuhusu ukubwa, chukua chupa ya mililita 60 au 100. Matone matatu yanatosha visigino viwili, na ile ya lita itachacha kabla hujaifikisha nusu.