Maktaba ya nyaraka za kampuni za sigara: tathmini ya mtu aliyeitumia miaka sita

Nimeitumia maktaba hii karibu kila wiki kwa miaka sita, na mara nyingi imenifanya nilale saa nane za usiku, kwa hiyo nimeichimba vya kutosha kuisemea. Inaitwa Truth Tobacco Industry Documents. Iko mtandaoni, chini ya maktaba ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na ni bure. Unaingia, unaandika neno, unasoma. Hakuna anayekuuliza wewe ni nani wala unatoka chuo gani. Kwa sisi tunaofanya utafiti na utetezi wa kudhibiti tumbaku katika nchi zinazoendelea, ambako ofisi nzima ni watu watatu na makala za majarida zimefungiwa kwa malipo, hilo peke yake linaipa nyota mbili. Jumla naipa nne kati ya tano.

Kilichomo ni nyaraka za ndani za kampuni za sigara, zaidi ya milioni 14: barua, faksi, madokezo ya ofisini, ripoti za maabara, mipango ya matangazo. Hazikutolewa kwa hiari. Mwaka 1994 mtu aliyejiita Mr. Butts alimtumia Profesa Stanton Glantz wa chuo hichohicho kurasa zipatazo 4,000 za kampuni ya Brown & Williamson. Mwaka 1998 kesi ya jimbo la Minnesota, kisha makubaliano na majimbo 46 ya Marekani, zikazilazimisha kampuni kufungua makabati. Maktaba ikaanza kutoa huduma mwaka 2002.

Waraka ukifunguka unaona karatasi yenyewe ilivyopigwa picha, herufi za taipureta zikiwa zimekolea hapa na kufifia pale. Nakumbuka siku niliyomsoma Addison Yeaman, mwanasheria wa Brown & Williamson. Julai 1963 aliandika kwamba wao wako katika biashara ya kuuza nikotini, dawa inayoleta uraibu. Niliusoma mstari ule mara tatu. Aprili 1994, miaka zaidi ya 30 baadaye, wakuu wa kampuni saba walikaa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, wakiwa wameapa, wakasema mmoja baada ya mwingine kwamba hawaamini nikotini inaleta uraibu. Baba yangu alikuwa bado anavuta mwaka huo. Alikuwa akituambia kuacha ni suala la kuamua tu, na yeye hajaamua.

Hata hivyo wiki zangu za kwanza humo zilikuwa za kukatisha tamaa. Tulikuwa tunaandaa hoja za kuongeza ushuru wa sigara, na tulijua upande wa pili watakuja na lilelile: kodi ikipanda, magendo yatashamiri. Nikaandika jina la nchi yetu na neno la Kiingereza la magendo. Nikapata vipande vya magazeti na hotuba. Nikamwandikia mtafiti mmoja aliyenitangulia kwenye kazi hii, akanijibu kwa sentensi mbili: “Mdogo wangu, unatafuta kwa maneno yako. Tafuta kwa maneno yao.”

Maneno yao ni “transit” yaani mzigo wa kupita, “DNP” yaani ushuru haujalipwa, na “GT”, biashara ya kawaida. Hakuna meneja anayeandika neno magendo kwenye ripoti ya mauzo. Watafiti waliopitia mafaili ya British American Tobacco wameonyesha jinsi maneno hayo ya upole yalivyobeba sigara zilizovuka mipaka bila kulipiwa kodi, zikiwa zimepangiwa malengo ya soko kama bidhaa nyingine yoyote. Kampuni ilikana kutenda kosa, na anayeandika kuhusu jambo hili aliseme na hilo. Lakini nilipoingiza maneno hayo matatu, skrini ilijaa.

Kutoka hapo nilijifunza kutembea humo ndani. Kila ukurasa una namba iliyopigwa chini au pembeni, inayofuatana na ya ukurasa uliokuwa jirani yake kwenye faili. Ukipata waraka mzuri, usiondoke. Angalia namba iliyotangulia na inayofuata, maana mara nyingi jibu la barua liko hapo hapo, na neno lako la kutafutia halimo ndani yake. Kisha chukua majina ya walionakiliwa, uanze upya na kila mmoja. Mwanzoni hukera kuukuta waraka mmoja umejirudia mara nane, ila kila nakala ilitoka kwenye kabati la mtu fulani, na ukizipanga unajua nani alikuwa anajua nini.

Namba hizo zilinifaa hata mbele ya kamati ya bunge. Mwenyekiti alishika kurasa zetu akauliza: “Dada, karatasi hizi umezipata wapi? Nitajuaje hazikutengenezwa?” Nikamjibu: “Mheshimiwa Mwenyekiti, hiyo namba iliyo chini iliwekwa na upande wa kampuni yenyewe ilipokabidhi nyaraka kwa ajili ya kesi.” Katibu wake akaiandika kwenye simu, ukurasa ukafunguka palepale, wakaupitisha mezani. Ushuru ulipanda chini ya kile tulichoomba. Lakini hoja ya magendo haikurudiwa tena siku ile.

Nyota niliyoinyima ina sababu zake. Mashine inayosoma maandishi haiwezi mwandiko wa mkono, na faksi zilizofifia huzigeuza kuwa takataka, kwa hiyo waraka unaweza kuwemo na usikutokee kamwe. Karibu kila kitu ni Kiingereza, tena Kiingereza cha ofisini kilichojaa vifupisho. Vijana wetu wanaojitolea huchoka mapema, nami imenibidi nikae nao nikiwafasiria ukurasa kwa ukurasa. Kuna kurasa zilizozuiliwa kwa kisingizio cha siri kati ya wakili na mteja. Na sehemu kubwa ya hazina hii ni ya karne iliyopita, hivyo anayetafuta mipango ya leo ya kampuni hizo atatoka na kidogo.

Lipo pia kosa ambalo si la maktaba ila letu sisi watumiaji, nalo hunipa hofu kuliko yote hayo. Mwenzangu aliwahi kusoma mpango wa kampuni wa kuwashawishi maofisa fulani, akaandika kwamba walishawishiwa. Waraka haukusema hivyo. Ulisema walikusudia. Tuliumbuliwa hadharani, na tulistahili. Sasa ofisini kwetu hakuna nukuu inayotoka bila watu wawili kuusoma waraka mzima, pamoja na wa kabla yake na wa baada yake.

Nyaraka hizi ndizo zilizoiwezesha kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2000, kueleza jinsi kampuni zilivyojipenyeza kuhujumu kazi ya shirika hilo. Miaka mitatu baadaye Mkataba wa kudhibiti tumbaku ulipitishwa, na Ibara yake ya 5.3 inazitaka serikali kulinda sera za afya dhidi ya maslahi ya biashara hiyo. Ofisa akikuuliza kuna ubaya gani kuwaalika wenye kampuni mezani, mfungulie maktaba hii mwenyewe asome.

Ukianza leo, usianze na jina la nchi yako. Anza na dokezo la 1969 la Brown & Williamson, lile linalosema shaka ndiyo bidhaa yetu. Lisome lote, uorodheshe maneno wanayoyatumia, ndipo uende kwenye kisanduku cha kutafutia.