Soksi za elfu mbili na jumba lililolala: uzoefu wangu

Nianze na dada wa mlangoni pale kwenye sehemu ya michezo ya ndani ya watoto, maana huyo ndiye aliyenifanya nikae niandike. Alinipa shikamoo, nikaipokea, na heshima yote ikaishia hapohapo.

"Soksi za watoto ziko wapi?"

"Hawana. Wamekuja na ndala, si unaona mvua?"

"Kwani mzee hukusoma tangazo?"

Tangazo lenyewe ni karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango, na mlango ulikuwa wazi, umeegemezwa ukutani. Yaani ili ulisome uingie kwanza, kisha uufunge. Nikanunua jozi mbili, elfu mbili kila moja, nyembamba utadhani za mwanasesere. Hiyo ni juu ya elfu tano ya kila mtoto kwa saa. Sawa, soksi zina maana yake, turubai la lile jumba la kurukia linachubua nyayo na watoto kumi wanakanyagana humo. Sikatai. Lakini kuna kusema na kuna kusema. Na huo uzee nimeupata lini?

Nina mapacha wa miaka minne, Kulwa na Doto. Tunakaa Mabatini hapa Mwanza, upande wa mlimani, na siku za jua hawanisumbui: kutwa wako juu ya mawe kama pimbi. Masika ndiyo kasheshe. Mvua yetu hupenda kujifungasha usiku huko ziwani, alfajiri inatufikia, na ikikaa mpaka saa nne, mawe yanateleza, mto Mirongo umejaa maji ya matope, hakuna mtoto wa kutoka. Bibi yao huwategea vitendawili, ila bati likishaanza kupigwa, hata "tega!" yao haisikiki. Niliwachorea duara la chaki sakafuni wacheze mdako. Vijiwe viliishia chini ya kochi, kimoja puani kwa Doto. Dada yangu yuko Kanada, anasema baridi ya kule ikianza watoto hushinda ndani miezi. Nilikuwa namcheka. Siku hizi simcheki.

Basi majuzi, wiki mbili tatu hivi zilizopita, nikawapakia kwenye bajaji, nikawapeleka mjini kwenye hiyo sehemu ya michezo ya ndani. Nusu saa ya kwanza ilikuwa raha, nisiseme uongo. Kisha umeme ukakatika.

Kwa msiojua: lile jumba la kurukia halijazwi upepo likafungwa kama mpira. Upepo huvuja kwenye mishono muda wote, kwa hiyo feni nalo lazima lipulize muda wote. Likizima tu, minara inainamisha vichwa na kuta zinalegea. Kulwa alitoka. Doto alikuwa kule juu wanakopanda ili wateleze.

Nikavua viatu, nikakimbia. Mkono ukanidaka shati.

"Mzee, bila soksi huingii!"

Jamani. Turubai linamfunika mwanangu, na mtu ananidai soksi! Nilimjibu neno ambalo sitaliandika hapa kwa sababu mama yangu husoma. Nikaingia na nyayo zangu, nikawa napapasa kama mtu anayetafuta simu kwenye shuka, mpaka nikashika kisigino.

Doto akatoka ameloa jasho, anacheka. "Baba, nyumba imelala! Tena!"

Jenereta wanalo. Liliwaka kama dakika tano baadaye, na cha kwanza kuunganishwa kilikuwa friji la aiskrimu. Nikamuuliza yule dada, mbona feni bado?

"Aiskrimu inayeyuka."

"Na mtoto je?"

"Mtoto si umeshamtoa?"

Nilidai pesa yangu, wakakataa, wakasema wataniongezea nusu saa. Nikasema sitaki, naondoka. Mapacha wakaangua kilio, nikataka.

Nilikuwa nimekusudia kuwaambia msikanyage pale kabisa. Tatizo ni yule kijana wa zamu. Kuta zilipoanza kushuka aliingia kwenye mlango wa jumba akaubeba kwa mgongo, magoti yanamtetemeka, na watoto sita wakapita chini ya kwapa lake. Huyo, hata kulipwa sijui kama analipwa vizuri, ningempa nyota zote tano, na zile za dada ningezichukua nimwongezee. Halafu Doto. Kila mawingu yakijikusanya upande wa ziwani anauliza lini tunarudi kwenye nyumba inayolala.

Jumamosi mvua iligoma kukata. Nikarudi, ndiyo, nichekeni. Nilikuwa nimeapa. Saa nzima nilisimama pembeni ya feni kama askari wa benki.

Mlangoni alikuwa yuleyule. Akakagua miguu ya Kulwa, akakagua ya Doto, soksi zake zilezile za elfu mbili. Kisha akashuka kwenye yangu. Nilikuwa nimevaa soksi za mpira, zile za hadi magotini. Akazitazama, akatusogezea kamba tupite.