Gemu ya Vita Kuu ya Kwanza inayowavika askari wa 1914 kofia za chuma: uzoefu wangu

Nimeimaliza gemu hii mara mbili. Mara ya kwanza niliicheza kwa pupa, nikikimbia na bunduki kutoka handaki hadi handaki. Mara ya pili nilikwenda polepole, nikisimamisha mchezo na kuvuta picha karibu, maana tangu hatua ya kwanza kuna jambo lilikuwa linanikera: vichwa vya askari.

Hatua hiyo ya kwanza ni Agosti 1914. Wafaransa wanavuka shamba la ngano, na kila mmoja ana kofia ya chuma ya Adrian, ile yenye ukuta mwembamba unaopita utosini kutoka mbele hadi nyuma. Kofia hiyo ilikuwa bado haijabuniwa. Ilianza kugawiwa mwaka 1915. Vita vilipoanza, askari wa miguu wa Ufaransa alivaa kepi ya kitambaa, Mwingereza naye kofia ya kitambaa, na Mjerumani ile ya ngozi yenye mwiba juu, iliyofunikwa kwa kitambaa ili isimetemete. Ngozi na kitambaa, basi. Hivyo ndivyo walivyokwenda kuikabili mizinga.

Nimeshaambiwa na rafiki ninayecheza naye kwamba kofia ni kofia tu. Siafiki hata kidogo. Makombora ya wakati ule yalipasuka angani na kumwaga gololi za risasi kuelekea chini, na mtu aliyejibanza ndani ya handaki sehemu yake iliyo wazi zaidi ni kichwa. Waliumia vichwa wengi sana kabla majeshi hayajachukua hatua. Mapema 1915 Wafaransa walipewa kwanza kibakuli cha chuma cha kuvaa chini ya kepi, ndipo baadaye ikaja kofia kamili. Ukimvika askari chuma tangu siku ya kwanza, umewafuta wale waliokufa wakiisubiri. Mchezaji kijana atamaliza hatua ile akiamini walikuwa na kinga, na hawakuwa nayo.

Kuna kosa jingine ambalo huenda wachache wataliona. Kofia ya Adrian ilikuwa na nembo mbele: guruneti linalowaka kwa askari wa miguu, mizinga miwili iliyopishana kwa watu wa mizinga. Humu ndani kikosi kizima cha miguu kina nembo ya mizinga. Nilivuta picha hadi nikahesabu wanaume kumi na wawili waliosimama karibu nami, wote vilevile. Aliyechora alichora vizuri mno, mpaka misumari inaonekana. Inaelekea kielelezo alichopewa ni kimoja tu.

Na hizi risasi zinazogonga kofia zikadunda! Bati la Adrian halikufika hata unene wa milimita moja. Lilitengenezwa kuzuia vipande vya makombora, na kwa kazi hiyo lilisaidia sana. Risasi ya bunduki ya karibu ni habari nyingine kabisa.

Sasa niseme kwa nini bado ninaipenda. Hatua ya Somme, Julai 1916, imenigusa kuliko gemu yoyote ya vita niliyowahi kucheza. Wajerumani wamechanganyika: baadhi wana kofia mpya ya chuma inayoshuka hadi masikioni, wengine bado wana ya ngozi, na ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu kofia mpya zilianza kuingia vitani mapema mwaka huohuo na hazikuwafikia wote kwa mpigo. Mlinzi mmoja amening'iniza bamba zito la chuma kwenye vile vijipembe viwili vya pembeni mwa kofia yake. Ni yeye peke yake, na hilo ni sahihi: bamba lile lilikuwa zito mno kwa mtu wa kukimbia.

Upande wa Waingereza kuna ile ya Brodie, iliyo bapa kama sinia, yenye ukingo mpana wa kukinga mabega. Nilichuchumaa kando ya askari aliyekuwa anasubiri filimbi. Rangi ya kofia yake ni ya kukwaruza, kama imenyunyiziwa mchanga, na ukingo umezungushiwa utepe wa chuma. Mwenzake wa kushoto ana ya zamani zaidi: nyororo, inang'aa kidogo, ukingo mkali. Ni kweli kabisa. Zile za mwanzo zililalamikiwa kwa kung'aa na kwa makali ya ukingo, zikarekebishwa mwaka 1916. Nilikaa pale dakika nzima bila kubonyeza kitu.

Sauti ni nzuri, hadithi ni ya kawaida, na mchezo haukwami hata kwenye kompyuta yangu ya zamani.

Ninaipa nyota tatu kati ya tano. Nimewaandikia watengenezaji kuhusu nembo na kuhusu 1914, nikawaomba wawarudishie Wafaransa kepi zao. Kielelezo cha kepi tayari wanacho, maana kuna ofisa mmoja amevaa katika hatua ya tatu. Sasisho likija na hilo limerekebishwa, nitaianza upya kutoka shamba la ngano na nitaongeza nyota.