Kama ordinatere yako inajizima yenyewe, mupelekee huyu muzee wa Birere

Habari zenu watu wa Goma. Niko na sekretariya ndogo kule Katindo, napiga kazi za wanafunzi, fotokopi, kuprinti, barua za kuomba kazi, na wakati wa TFC na memware (vitabu vya wanafunzi vya kumaliza masomo) watu wanajaa mpaka kwenye baraza. Niko na ordinatere (kompyuta) mbili za mezani. Ile kubwa njo inabeba kazi yote, niliinunua okazyo (iliyokwisha kutumika) mwaka wa 2021, tulipokuwa tumetoka kurudi Goma, juu tulikimbilia Sake kwa ile volkano ya mwezi wa 5, na miaka yote hiyo haikunisumbua hata kidogo.

Mwaka huu ikaanza kujizima. Unapiga teksti vizuri, ghafla ekra (kioo) inakuwa nyeusi, kisha mashini inajiwasha yenyewe kama hakuna kitu. Siku zingine asubuhi nabonyeza, taa inawaka, ventilatere (feni) inazunguka, lakini ekra inabaki nyeusi na kuandika hakuna sinyali. Halafu saa nayo ilikuwa inarudi nyuma miaka mingi kila nikiamka, mpaka intaneti inakataa kufungua sayiti, inasema tarehe si sawa.

Fundi wa kwanza (sitamutaja) alisema ni virusi. Akaformati, akachukua dola 10, na kesho yake mashini ikajizima saa 4 asubuhi vilevile. Mubaya zaidi alifuta kazi za wanafunzi wawili bila kuniuliza, moja ilikuwa na kurasa 64, niliirudilia kuipiga usiku tatu bila kulipwa juu ile ni jasho ya mutoto wa mutu. Fundi wa pili alitoa alimantasyo (kisanduku cha ndani kinachogawa umeme), akachukua kawaya kadogo akaunganisha waya wa kijani na waya mweusi, ventilatere ya alimantasyo ikazunguka, akaniambia: Mama, unaona, alimantasyo iko nzima, basi karte mere (bamba kubwa la ndani linalounganisha vyote) imekufa, uza hii vipande tu. Nilirudi nyumbani na moyo umevunjika kabisa, karte mere ni pesa ya kodi ya nyumba.

Njo jirani yangu mwenye kuuza megabaiti akanielekeza kwa huyu muzee. Hana kibao, hana jina kwenye mulango. Iko Birere, kwenye njia ya wale wa kutengeneza simu, kama unaelekea upande wa Petite Barrière (mupaka wa Rwanda), mulango wa bulu, meza moja ndefu na taa ya mukono inaninginia. Uliza tu muzee wa ordinatere watakuonyesha. Nilipanda pikipiki na tua (sanduku ya ordinatere) kwenye magoti, nimeifunga na kitenge.

Kitu ya kwanza iliyonigusa: hakuchukua turnevisi (bisibisi). Alichukua kaye (daftari) akaanza kuniuliza. Mama, ikijizima, ekra inaganda kwanza ao inakatika pale pale kama mutu amechomoa waya? Nikasema inakatika. Inajizima ukiwa unafanya nini? Nikafikiri vizuri, ni hapo kazi inapokuwa mingi, nafungua kazi ya picha nyingi na nachoma CD kwa wakati mumoja. Umeme ukirudi kwa nguvu, mashini inakuwaga imewashwa? Ndiyo, mara mingi. Akaandika yote. Akasema ikiganda mara mingi anafikiria rami (kumbukumbu ya muda), disiki (inayotunza kazi) ao programu, ikikatika kama umechomoa waya anafikiria joto ao alimantasyo, lakini kufikiria si kupima, twende tupime. Mafundi wote wawili wa kwanza hawakuniuliza hata swali moja, na mimi njo ninaishi na ile mashini.

Akafungua. Vumbi nyeusi ya kwetu, ile ya mawe ya volkano, ilikuwa imefunga prosesere (ubongo wa mashini) mpaka mabawa ya radiatere (chuma ya kuipoza) hayaonekani. Alipuliza inje, akiwa ameshika ventilatere na kidole isizunguke na upepo, juu ikizunguka mbio vile inaweza kuharibika. Akatoa prosesere akanionyesha pati ya joto (dawa inayopitisha joto toka prosesere kwenda kwa radiatere), ilikuwa imekauka kama udongo wa kiangazi, akaipangusa na alkoli na kutia tone moja mupya, ndogo kama punje ya haragi. Nikafikiri basi njo shida yenyewe. Akasema hii inaweza kuwa shida ya pili, tusifurahi bado.

Kisha akatoa ile betri ya mviringo ya karte mere, CR2032, akaweka miltimetre (chombo cha kupima umeme): volti 2,1. Mupya inapita 3. Njo ile saa ilikuwa inapotea, dola moja tu, na hakuna uhusiano na kujizima. Akatoa rami zote mbili, akasugua meno yake na gomu ya kufutia ya watoto wa shule, polepole, akapangusa, akarudisha moja tu. Akaniambia barabara zetu za mawe zinatikisa kila kitu, watu wengi wanaletaga mashini imekufa na kumbe rami imelegea tu kwenye pikipiki.

Halafu akatoa karte mere yote inje ya sanduku, akaiweka juu ya kartoni kavu, na prosesere, rami moja, alimantasyo, basi. Hakuna disiki, hakuna CD, hakuna kitu kingine. Alisema ukipunguza vyote, kile kinachobaki hakina pa kujificha. Ekra ikawaka! Akarudisha kimoja kimoja, akiwasha na kuzima kila mara, na kwenye kila kimoja ananipa nafasi ya kuangalia. Alipofika kwenye disiki na CD pamoja, ekra ikabaki nyeusi, ventilatere inazunguka tu. Ile ile shida yangu ya asubuhi, mbele ya macho yangu.

Sasa miltimetre. Ncha nyeusi kwenye waya mweusi, ncha nyekundu kwenye waya wa njano, nyuma ya ile fishi (plagi) kubwa ya vitundu 24, mashini ikiwa imewashwa. Njano inapashwa kuwa volti 12, nyekundu volti 5, ya machungwa 3,3. Inaruhusiwa kupanda ao kushuka asilimia 5, yaani njano isishuke chini ya 11,4. Bila mzigo ilisoma 11,9, nzuri kabisa. Akatia disiki na CD, mara hii ikawaka, akaanzisha programu ya kuchosha prosesere, na mimi nikaangalia ile namba kwa macho yangu: 11,6… 11,2… 10,8, pap, imekufa. Sikuwa nimepumua.

Nikamuuliza, lakini yule mwengine alionyesha inazunguka? Hapa alinifundisha kitu kimoja nitakumbuka. Waya wa kijani ukigusana na mweusi unaiambia alimantasyo tu iamuke. Kuamuka si kubeba mzigo. Mutu anaweza kuamuka kitandani na bado asiweze kubeba gunia ya makala. Tena iko waya wa kijivu, huo ni wa alimantasyo kuiambia karte mere volti ziko sawa, anza kazi. Kama huo waya haujafika kwenye volti zake 5 hivi, karte mere inashikilia prosesere isianze, ventilatere zinazunguka, taa inawaka, na ekra hakuna kitu. Kwa hiyo karte mere inaonekana imekufa na yenyewe inangojea ruhusa tu. Akapima ule wa kijivu mbele yangu wakati ekra iko nyeusi: haikufika hata volti 1. “Mama, karte mere yako ni nzima. Hii alimantasyo njo inakudanganya.”

Nilitoa machozi, sitaficha.

Akachukua alimantasyo yake ya kupimia, ya mezani kwake, akaunganisha, akaacha mashini inafanya kazi nzito saa nzima. Njano haikushuka chini ya 11,8. Hapo njo akakubali kusema shida ni gani, kabla ya hapo kila nikiuliza alikuwa anasema bado. Alimulika na taa ndani ya vitundu vya alimantasyo ya zamani, nikaona kondansatere (vipipa vidogo vinavyoshika umeme) tatu zimevimba juu kama mandazi, moja imetoa maji ya kahawia. Alikataa kuifungua mbele ya pitì wake (kijana anayemusaidia) na akanionya na mimi nisijaribu, juu ndani mule iko kondansatere kubwa zinazoweza kushika zaidi ya volti 300 hata kama umechomoa waya kwenye ukuta. Tafadhali wale wanaopenda kufungua fungua vitu nyumbani, muichukue hii kwa nguvu. Sanduku na rami unaweza kugusa, ndani ya alimantasyo hapana.

Nilidhani tumemaliza. Akasema bado disiki. Akaifunga kwenye mashini yake na kusoma ile ripoti disiki inajiandikia yenyewe, SMART, akanionyesha mustari wa sekta zilizohamishwa: zilikuwa 48. Yaani disiki imeona sehemu 48 zimeharibika na imezihamisha kwenye akiba yake. Akasema inaweza kuishi mwaka, inaweza kufa kesho, lakini namba hiyo haishuki, na umeme unaokatika mara mingi disiki ikiwa inaandika hauwezi kuisaidia. Tukakopi kazi zote za wanafunzi kwenye disiki ya inje siku ile ile kabla hajagusa kitu kingine. Huyu njo mutu alinishinda moyo, juu shida niliyoleta haikuwa hiyo, na angeweza kunyamaza nirudi kwake mwezi ujao nikilia. Na fikiria yule wa kwanza aliyeformati disiki ya hivyo bila kuipima.

Bei sasa. Kupima peke yake ni dola 5, unalipa hata kama mashini haitengenezeki, na ukitengeneza kwake anazitoa kwenye hesabu. Najua watu wengi wanalalamika, wanasema namna gani nilipe mutu kuangalia tu. Mimi naona ni haki kabisa. Nilikuwa nimeshapoteza dola 10 kwa kuformati na usiku tatu, na karibu niuze mashini nzima vipande, kwa sababu watu walisema kabla ya kupima. Alimantasyo nyingine ya okazyo lakini aliyoipima na mzigo mbele yangu, dola 22. Betri dola 1. Pati ya joto na kusafisha dola 3. Jumla 26, zile 5 zikiwa ndani. Disiki mupya sikununua kwake, hakuwa nayo na hakunilazimisha, aliniambia tu nitafute SSD (disiki isiyo na kitu kinachozunguka ndani) na nisikawie.

Mambo ambayo hayakunifurahisha pia niseme. Hana kiti, nilisimama masaa matatu, mara ninakaa kwenye ndoo. Anaenda polepole sana kwa kazi, siku ya pili njo nilichukua mashini, kama uko na haraka ya kutoa TFC kesho asubuhi utateseka. Garanti ni ya mudomo tu, mwezi mumoja, nilimuomba anisainie kwenye kakaratasi na alikubali bila shida, basi na wewe uombe. Pitì wake alipoteza skuru mbili za sanduku na nililazimika kuuliza mara mbili mpaka akazitafuta zingine. Na ukimuleteaga laptop iliyoingia maji atakuambia peleka kwengine, hafanyi. Hiyo ya mwisho mimi nahesabu ni heshima.

Alinipa pia shauri la umeme. Regilatere yangu ya zamani inasawazisha volti tu lakini umeme ukikatika mashini inakatika nayo, na pale umeme unarudi na kishindo chake njo kondansatere zinachoka. Aliniambia nikiwa na pesa ya kitu kimoja tu ninunue ondilere (sanduku ya betri inayoshikilia mashini umeme ukikatika), hata ya dakika 10, inatosha kuandika na kuzima vizuri. Na umeme ukienda, nichomoe fishi ukutani, nisubiri dakika kidogo umeme ukae sawa ndipo nirudishe. Hii haina bei na tangu siku ile naifanya kila mara, hata watoto nyumbani wanajua.

Sasa ni wiki 7. Haijajizima hata mara moja, na nimeipa kazi yote ya memware za mwezi huu. Juzi Jumatatu nilimupelekea ile mashini yangu ya pili inayolia bip tatu ikiwashwa, bado anapima, sijui ni nini na yeye hajasema.

Kwangu ni 4 kwa 5. Muende asubuhi kabla ya saa 3, mchana inajaa. Mubebe tua pamoja na waya wake wa umeme, ekra muache nyumbani, anayo. Na kabla ya kutoka nyumbani muandike kwenye kakaratasi inajizima saa ngapi na mulikuwa munafanya nini, atawauliza tu.