Close to the Edge ya Yes: ufunguo wake ni besi

Albamu hii ya Yes, bendi ya roki ya Uingereza, mara ya kwanza niliizima. Unasikia ndege wakilia na maji yakitiririka, nikadhani nimepata muziki wa kupumzikia. Ghafla bendi nzima ikaingia kwa kishindo, gitaa la Steve Howe likikimbilia huku, ngoma kule, kila mmoja kama anagombea mlango. Nikasema hawa hawakufanya mazoezi.

Siku ya tatu nikavaa hedifoni na kujipa kazi moja tu, kumfuata Chris Squire kwenye besi, lile gitaa la sauti nzito. Hapo vurugu ikaanza kunyooka. Besi yake haijifichi chini kama tulivyozoea. Inakwaruza, ina makali kama gitaa, nayo ndiyo inayoshika njia wengine wakizurura. Ukiisha kuinasa, unagundua hata mpiga ngoma, Bill Bruford, hapigi ovyo. Anahesabu mapigo ambayo hukuyatarajia, halafu anakutana na wenzake palepale walipokubaliana.

Albamu ni ya 1972, ina nyimbo 3 tu. Wa kwanza, wenye jina la albamu, unapita dakika 18 na kumaliza upande mzima wa santuri. Kinachonirudisha ni katikati yake: kelele zote zinatulia, zinabaki sauti za waimbaji zikipishana polepole, kisha Rick Wakeman anafungulia kinanda kikubwa cha kanisani, kile cha mabomba. Si cha kuigiza. Kilirekodiwa kanisani kweli, London. Mwili husisimka kila mara, na nimeshausikiliza mara nyingi mno.

“And You and I” ndio ningempa mgeni aanze nao, una gitaa la nyuzi 12 na mwendo wa upole. “Siberian Khatru” umechangamka, ila ukifika huo mimi huwa nimeshashiba.

Maneno je? Usihangaike nayo. Mashairi ya mwimbaji wao, Jon Anderson, nimeyapekua nisifike popote. Nahisi aliyachagua kwa utamu wake mdomoni kuliko maana. Na anaimba juu sana. Asiyependa sauti nyembamba atachoka mapema, simlaumu.

Kitu kimoja tu: usiisikilize kwa spika ya simu. Nilijaribu kumsikilizisha rafiki yangu hivyo. Besi ilipotea yote, ikabaki ile vurugu ya siku yangu ya kwanza, naye akaniuliza kama simu imeharibika.